Maswali ya Wasomaji: Molekuli Moja Haigandi

Barua zilizofika katika safu hii tangu toleo lililopita ni kama ziliagizana. Nyingi zinauliza, kila moja kwa njia yake, juu ya vitu vinavyoacha kuwa vile vilivyokuwa bila kuongezewa wala kupunguziwa chochote isipokuwa joto au kanieneo. Wanafizikia huliita jambo hilo mpito wa hali. Nimechagua barua saba, nikazifupisha pale tu ilipobidi.

*Mhariri wa safu, salaam. Tukiwa maabara tuliweka vipande vya barafu katika bika, tukawasha moto chini yake na kusoma kipimajoto kila dakika. Kwa muda mrefu zebaki ilikataa kupanda juu ya sifuri ingawa moto uliwaka vilevile. Mwalimu alisema joto limejificha. Limejificha wapi?*
Mwanafunzi wa kidato cha pili

Jina la joto fiche ni jepesi kukumbukwa, lakini linapotosha kidogo, maana joto hilo halikujificha popote, limetumika. Katika barafu kila molekuli ya maji imeshikana na majirani wanne kwa mpangilio unaojirudia pande zote. Barafu ikiwa bado chini ya sifuri, nishati ya moto huzifanya molekuli zitikisike kwa nguvu zaidi pale pale zilipo, na kipimajoto hupanda. Ikishafika sifuri, kila nishati inayoingia huenda kuvunja ule mpangilio badala ya kuongeza mtikisiko, na kwa kuwa kipimajoto husoma mtikisiko tu, hakina jipya la kuwaambia mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke.

Kiasi chenyewe si haba. Kuyeyusha gramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi kunahitaji juli 334 hivi, ilhali kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji juli 4.18 tu. Ukigawanya utaona kwamba nishati iliyoyeyusha barafu bila kuipandisha hata kidogo ingetosha kuyapasha maji yaleyale kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Kwenye kuchemka mambo ni makubwa zaidi, kwani gramu moja ya maji ya nyuzi 100 hudai takriban juli 2,257 ili igeuke mvuke, zaidi ya mara tano ya zile zilizoyatoa maji hayo sifuri na kuyafikisha mia. Ndiyo maana mvuke wa nyuzi 100 huunguza vibaya kuliko maji ya nyuzi 100: unapogusa ngozi hurudi kuwa maji, na deni lote hilo hulipwa papo hapo juu ya ngozi.

Aliyelipima joto hili kwa makini ni Joseph Black, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1760. Hoja yake ninayoipenda zaidi haikuhitaji hata kipimajoto. Alisema kwamba kama barafu iliyofika kiwango chake cha kuyeyuka ingehitaji joto dogo tu ili iwe maji, basi theluji yote ya milimani ingeyeyuka kwa mkupuo mara tu hali ya hewa ilipopata joto, na mafuriko yangesomba mabonde. Kila mtu aliyekaa nchi za theluji alijua kwamba haiendi hivyo. Huyeyuka kwa majuma.

Shika jambo moja, kwa sababu litarudi katika barua nyingine. Hakuna molekuli ya barafu na molekuli ya maji. Molekuli ni ileile. Ukipewa molekuli moja peke yake ukaulizwa kama imeganda au imeyeyuka, swali halina jibu. Kuganda ni jambo la kundi, kama foleni: mtu mmoja hawezi kuwa foleni.

*Ndugu Mhariri, nilisahau chupa ya maji kwenye friza. Nilipoitoa, maji yalikuwa bado maji kabisa. Nilipoigonga mezani, barafu ilitambaa kutoka shingoni hadi chini mbele ya macho yangu, chupa nzima ikawa nyeupe. Kwani maji hayagandi kwenye sifuri?*
Msomaji wa siku nyingi

Sifuri ni kiwango ambacho chini yake barafu ndiyo hali iliyo tulivu zaidi. Kwamba barafu inastahili kuwapo haina maana kwamba imepata pa kuanzia. Ili ianze, ni lazima molekuli kadhaa zijipange kifuwele mahali fulani, na hapo ndipo penye kikwazo. Punje changa ya barafu hupata faida kutokana na molekuli zilizo ndani yake, ila huingia gharama kwa sababu ya uso wake, kwani molekuli zilizo mpakani si za huku wala si za kule. Faida hukua kwa ujazo, gharama hukua kwa eneo la uso. Punje ikiwa ndogo mno, uso wake ni mkubwa ukilinganishwa na ujazo. Hasara hushinda, na punje huyeyuka kabla hujajua kwamba ilikuwapo. Ikivuka ukubwa fulani, hesabu hugeuka, na hapo hukua bila kizuizi.

Maji ya kawaida huvuka kikwazo hicho kwa urahisi kwa sababu yana vumbi na chembe nyingine, na chombo chenyewe kina mikwaruzo. Vyote hivyo huipa punje uso wa kujishikiza, kwa hiyo haina haja ya kulipa gharama yote peke yake. Maji yaliyochujwa na kufungwa katika chupa laini huwa na mbegu chache za namna hiyo, na hivyo hushuka chini ya sifuri yakiwa bado maji, yakingoja kisingizio. Kishindo cha meza ndicho kilichokuwa kisingizio chako. Daniel Fahrenheit, yule mwenye kipimo cha joto, aliandika habari za maji ya namna hii mwaka 1724. Matone madogo ya maji safi sana yanaweza kufikishwa nyuzi 38 hivi chini ya sifuri kabla hayajaganda yenyewe, na mawinguni matone ya aina hiyo ni mengi, ndiyo maana ndege inayopita kati yake hugandwa na barafu mabawani: bawa ndilo mbegu.

Naamini ukiikumbuka vizuri chupa yako, haikuwa barafu ngumu, ilikuwa rojorojo. Hesabu ya barua ya kwanza inaeleza kwa nini. Tuseme maji yalikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri. Kuganda hutoa joto, zile juli 334 kwa kila gramu, na joto hilo huyapandisha maji yote hadi sifuri, ambapo mbio husimama. Kutoka nyuzi 8 chini, inatosha asilimia 10 tu ya maji igande ili yote yarudi sifuri. Asilimia 90 hubaki maji yaliyonaswa katikati ya sindano za barafu, na friza italazimika kuendelea kuvuta joto kwa muda mrefu ndipo yagande yote. Vile vifuko vya kupashia mikono vyenye sodiamu asetati hutumia ujanja huohuo: chumvi yake huganda kwenye nyuzi 58, lakini hukubali kupoa hadi joto la chumbani ikiwa bado kimiminika, mpaka ukunje kile kisahani cha chuma kilichomo ndani na kuipa mbegu.

Nikupe na tahadhari, kwa kuwa kinyume chake nacho hutokea. Maji yaliyopashwa ndani ya oveni ya mikrowevu katika kikombe laini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa kukosa pa kuanzishia mapovu, kisha yakalipuka yanapotiwa kijiko. Hilo si la kujaribia nyumbani.

*Vitabu vya wanangu vinasema hali za maada ni tatu. Kimoja kinaongeza plazma, yaani gesi ya moto sana ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, na kusema ni nne. Kipi ni sahihi?*
Mama wa wanafunzi wawili

Mama, vyote viwili vinarahisisha, na kwa mtoto wa umri huo si kosa. Ila tukisema kwamba hali ni namna chembe zilivyojipanga, basi tatu haitoshi hata kwa maji peke yake: barafu tunayoifahamu ni aina moja tu kati ya takriban 20 zinazojulikana, nyingine zikipatikana chini ya kanieneo kubwa mno, na kila moja ina mpangilio wake wa fuwele na mipaka yake. Kaboni ni grafiti katika penseli na ni almasi katika pete.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa mwaka 1888. Mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Reinitzer, akifanya kazi Prague, alikuwa akichunguza kemikali inayotokana na kolesteroli, akaona inayeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145.5 ile mango iligeuka kimiminika chenye ukungu. Kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla, kikawa kimiminika angavu. Katikati ya viwango hivyo viwili molekuli, ambazo ni ndefu kama vijiti, zilikuwa zimeacha kushikilia nafasi zao, hivyo ziliweza kutiririka, lakini zilikuwa bado zinafuatana kwa mwelekeo. Hali hiyo si mango wala si kimiminika cha kawaida. Huitwa fuwele miminika, na ndiyo inayofanya kazi katika vioo vya kikokotoo na vya runinga nyingi. Kwa hiyo mwanao akiulizwa shuleni, ajibu kama kitabu kinavyosema. Akiuliza nyumbani, mwambie ni nyingi.

*Mhariri, mimi ni fundi wa vyuma. Patasi ya chuma pua nikiipasha hadi iwe nyekundu na kuitumbukiza majini huwa ngumu sana. Shaba nikiifanyia hivyohivyo huwa laini kuliko mwanzo. Chuma laini cha kutengenezea mageti nacho hakishiki matiko hata nifanyeje. Wazee walinifundisha pia kujaribu kwa sumaku: chuma chekundu kikiacha kuishika sumaku, kiko tayari. Sababu ni nini?*
Fundi

Barua hii ilinifurahisha kuliko zote, kwa sababu fundi huyu huendesha mpito wa hali kila siku ya kazi bila kuyeyusha chochote. Chuma, kikiwa bado mango, kina mipangilio miwili. Chini ya nyuzi 912 atomi za chuma safi hujipanga katika michemraba yenye atomi moja kwenye kila pembe na moja katikati kabisa ya mchemraba. Kikivuka nyuzi 912, atomi huhama: zinakuwa moja kwenye kila pembe na moja katikati ya kila uso wa mchemraba. Mpangilio huu wa joto umeshonana zaidi, hivyo chuma kilichokuwa kikitanuka kwa moto hujikunja kidogo kwa ghafla kinapovuka mpaka. Kwenye nyuzi 1,394 hurudi tena kwenye mpangilio wa kwanza, na kwenye 1,538 huyeyuka.

Sasa ingiza kaboni, ambayo ndiyo inayokifanya chuma kiwe chuma pua. Ingawa mpangilio wa joto umeshonana zaidi kwa jumla, matundu yake ni makubwa kuliko ya ule wa baridi, na atomi ndogo za kaboni hupata pa kukaa. Chuma cha mpangilio wa joto kinaweza kubeba kaboni hadi karibu asilimia 2 ya uzito wake; kile cha mpangilio wa baridi hakiwezi kuzidi asilimia 0.02 hivi. Kaboni huushusha pia mpaka wenyewe, hadi nyuzi 727 kwa chuma pua chenye kaboni karibu asilimia 0.8. Patasi yako ikiwa nyekundu, kaboni yote imetawanyika ndani ya mpangilio wa joto. Ukiiacha ipoe taratibu, kaboni hufukuzwa na ina muda wa kutembea. Hujikusanya katika matabaka membamba ya kabidi ya chuma, yaani chuma na kaboni vilivyoungana, yanayopishana na matabaka ya chuma kilicho karibu kitupu, na patasi hubaki laini kiasi cha kulika kwa tupa. Ukiitumbukiza majini, atomi za chuma zinataka kurudi kwenye mpangilio wa baridi ilhali kaboni haijapata wakati wa kutoka. Inanaswa humohumo. Mchemraba huvutwa ukawa mrefu kuliko upana wake, atomi zote hukazana, na tabaka moja haliwezi tena kuteleza kwa urahisi juu ya jingine; kutoteleza huko ndiko ugumu unaousikia kwenye tupa. Hali hiyo huitwa matensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Ni mpito usiosubiri atomi kusafiri: zinasogea pamoja, kila moja chini ya hatua moja ya atomi, ndiyo maana huwahi kabla ya kaboni.

Ugumu huo huja na ukorofi, nawe unaujua: patasi iliyotoka majini inaweza kuvunjika kama kioo. Ukiipasha tena kidogo, kaboni hupata nafasi ya kusogea hatua fupi na mkazo hupungua. Rangi unazozitazama usoni mwake, manjano hafifu kwenye nyuzi 220 hivi na buluu karibu na 300, ni za utando mwembamba wa oksidi. Si rangi za chuma chenyewe, ila ni kipimajoto kizuri kwa asiye na kingine.

Shaba haina mpangilio wa pili. Ina mpangilio uleule kutoka baridi hadi inapoyeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo maji hayana cha kunasa. Moto umeondoa tu mivurugiko iliyoachwa na nyundo, na ndiyo maana inalainika. Chuma laini kina mipangilio yote miwili, ila kaboni yake ni kidogo mno kuleta mkazo wa maana.

Kuhusu sumaku, wazee wako walikuwa sahihi, na kisa chenyewe kina utamu wake. Chuma safi hupoteza usumaku kwenye nyuzi 770, kiwango kinachoitwa kwa jina la Pierre Curie aliyechapisha utafiti wake mwaka 1895, na hapo atomi hazijahama hata kidogo: kilichoisha ni kule kuelekea upande mmoja kwa sumaku ndogondogo zilizo ndani ya atomi. Mpito huo ni tofauti na ule wa nyuzi 912. Lakini kwenye patasi yenye kaboni ya asilimia 0.8 mpangilio wa joto, ambao hauna usumaku, huingia mapema kwenye nyuzi 727, kabla ya zile 770 kufika. Kwa hiyo sumaku inapoachia, inakwambia kwamba atomi zimekwisha kuhama.

Kama unataka kuuona mpito kwa macho, fundi, pasha kipande cha chuma pua chenye kaboni nyingi hadi kiwe chekundu cha kung'aa, zima taa, kitoe motoni ukiache kipoe hewani. Kitafifia, kitafifia, kisha ghafla kitang'aa tena kwa muda mfupi kabla ya kuendelea kufifia. Hakuna aliyekiongezea moto. Ni joto fiche la mpito linatoka, lilelile la barafu ya mwanafunzi wetu. William Barrett alilieleza jambo hilo mwaka 1873.

*Je, ni kweli kioo ni kimiminika kinachotiririka polepole, na ndiyo sababu vioo vya makanisa ya kale ya Ulaya ni vinene upande wa chini?*
Mkutubi

Si kweli. Unene usio sawa unatokana na namna vioo vya zamani vilivyopulizwa na kuzungushwa kuwa sahani kabla ya kukatwa. Kioo cha kawaida cha dirishani huanza kulegea karibu na nyuzi 550, na katika joto la kawaida hakitiririki kwa kiasi cha kuonekana hata kwa karne nyingi. Lililo kweli ni kwamba atomi za kioo hazina mpangilio wa fuwele. Ni kimiminika kilichonata kikakosa nafasi ya kujipanga kabla hakijawa kigumu. Kwa hiyo hakina kiwango kamili cha kuganda wala joto fiche, na halijoto kinapokuwa kigumu hutegemea kasi ya kukipoza. Kama nyuma ya hayo kuna mpito wa kweli au hakuna, wanafizikia bado wanabishana.

*Rafiki yangu anayesomea uhandisi anadai kwamba unaweza kugeuza kimiminika kuwa gesi bila kukichemsha wala kukivukiza. Nimemwambia anatania. Nani ameshinda?*
Mbishi

Ameshinda rafiki yako. Kuchemka tunakuona kwa sababu kimiminika na gesi yake vina msongamano tofauti, na kati yake pana uso unaotenganisha. Sasa chukua mrija wa kioo kinene, nusu yake iwe kaboni dioksidi ya kimiminika na nusu gesi yake, ufungwe kabisa, upashwe polepole. Kimiminika kinatanuka na kuwa chepesi. Gesi iliyo juu inazidi kuwa nzito kwa sababu kimiminika kinaendelea kuivukizia na haina pa kwenda. Vinakaribiana. Kwenye nyuzi 31 na kanieneo ya mara 73 hivi ya ile ya hewa, msongamano wao unalingana, na ule mstari wa uso uliokuwa wazi katikati ya mrija unafifia, unatetemeka, unatoweka. Halijachemka tone. Kilichobaki si kimiminika wala gesi, au ni vyote viwili, kama upendavyo. Charles Cagniard de la Tour wa Ufaransa aliona dalili zake mwaka 1822 kwa vimiminika vingine, na Thomas Andrews wa Belfast alilichora jambo hilo kwa vipimo kamili vya kaboni dioksidi mwaka 1869, akakiita kiwango hicho kiwango mahututi.

Kwa hiyo njia ya rafiki yako ni kuzunguka. Ongeza kanieneo ya kimiminika mpaka ipite ya mahututi, kisha pandisha halijoto, kisha punguza kanieneo. Utafika kwenye gesi bila kuona povu hata moja njiani. Kwa maji kiwango hicho ni nyuzi 374 na kanieneo ya mara 218 hivi ya hewa, na mitambo mikubwa ya kisasa ya kuzalisha umeme kwa mvuke huendeshwa juu ya hapo, ambapo maji hupashwa mfululizo bila kuchemka kamwe.

Lakini si hapo ningependa uishie, maana ubishi wenu umegusa sehemu iliyowahangaisha wanafizikia kwa karne nzima. Ule mrija ukifika jirani kabisa na kiwango mahututi, kaboni dioksidi iliyokuwa angavu kama maji hugeuka ya ukungu mweupe. Sababu ni kwamba kiowevu hakijui tena kiwe kizito au chepesi: mahali hapa kinakusanyika, pale kinatawanyika, na mabaka hayo hukua hadi yakafikia urefu wa mawimbi ya mwanga, karibu nusu ya elfu moja ya milimita, ndipo yanaposambaza mwanga kila upande. Molekuli moja haigusi zaidi ya majirani zake wachache, na bado molekuli elfu moja hivi katika kila upande wa baka zinakubaliana. Joto fiche nalo, ukilipima karibu na hapo, linapungua na kupungua mpaka sifuri. Mpito wa namna hii hauna mkupuo. Nusu mbili zilizotengana zinaungana hatua kwa hatua.

Johannes van der Waals, katika tasnifu yake ya mwaka 1873, alitoa nadharia nzuri iliyoeleza kwa nini kiwango mahututi kipo. Ilipokuja kwenye namna tofauti ya msongamano inavyofifia, nadharia hiyo ilisema inafifia kama kipeuo cha pili cha umbali uliobaki wa halijoto, yaani kwa kipeo cha 0.5. Vipimo vilisema 0.33 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ilikataa kuondoka kwa kila kimiminika kilichopimwa, na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba sumaku zinazokaribia kiwango cha Curie, zile ambazo sumaku za atomi zao zina njia mbili tu, juu au chini, hupoteza usumaku kwa kipeo kilekile. Gesi na sumaku, kipeo kimoja. Lars Onsager alionyesha mwaka 1944, kwa hesabu kamili ya sumaku bapa inayoenea pande mbili tu, urefu na upana, kwamba nadharia nyepesi hushindwa karibu na kiwango mahututi. Maelezo ya kuridhisha yalingoja mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenneth Wilson alipobuni njia ya kutazama mabaka ya ukubwa mmoja, kisha kuyaunganisha na kutazama ya ukubwa unaofuata, na kuendelea hivyo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Ukifanya hivyo, umbo la molekuli na nguvu ya mishiko yake hupotea kidogo kidogo njiani, na kinachobaki ni idadi ya pande ambazo mfumo unaweza kuenea na idadi ya njia ambazo kila chembe inaweza kuchagua. Kaboni dioksidi na zile sumaku zinalingana kwa mambo hayo mawili tu, na yametosha.

Mlipie rafiki yako mlichowekeana.

*Nina kisanduku cha kale cha bati halisi, si mabati ya paa. Kilikaa miaka mingi katika chumba cha baridi kali, na sasa kina vipele vya kijivu ambavyo nikivikwaruza hutoa unga. Nimeambiwa ni kutu. Nitakiokoaje?*
Mrithi

Bati halipati kutu kama chuma, na maelezo yako yanafanana sana na kile mafundi wa zamani walichokiita tauni ya bati. Chini ya nyuzi 13.2 hali tulivu ya bati si ile nyeupe ya metali. Ni ya kijivu, yenye atomi zilizojipanga kama za almasi, na inachukua nafasi zaidi kwa karibu asilimia 27. Kutanuka huko ndiko kunakoinua vipele na kuvipasua kuwa unga. Mpito huu ni mvivu na huhitaji mbegu, kama maji ya kwenye chupa, lakini ukishaanza kila punje ya kijivu huwa mbegu ya jirani yake. Ndiyo maana uliitwa tauni. Hadithi kwamba vifungo vya bati viliwapukutikia askari wa Napoléon huko Urusi mwaka 1812 husimuliwa sana, nami siiamini, kwa sababu ya uvivu huohuo na kwa sababu uchafu kidogo wa risasi au bismuthi ndani ya bati hutosha kuuzuia.

Kisanduku chako kitenge na vyombo vingine vya bati, ukwangue unga wote kwa uangalifu usibakize punje, na ukiweke mahali panapozidi nyuzi 20 wakati wote. Vipele havitaongezeka. Usitumaini kwamba joto hilo litaviziba, kwani unga wa kijivu ukipashwa hurudi kuwa bati jeupe, ila hubaki unga; kuurudisha kuwa kisanduku ni lazima uyeyushwe kwenye nyuzi 232 na kumiminwa upya katika kalibu.